Nikiinua Paa, Kodi Nayo Itainuka

Walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi mliotoka mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru kuja kunisikiliza nikieleza mnayoyaishi, asanteni kwa uvumilivu.

Nianze na jiwe. Bonde la Mathare lilikuwa machimbo. Mawe ya kujengea Nairobi yalichongwa pale, yakapandishwa mjini. Waliobaki shimoni wakaezekewa mabati, na kuta pia mabati.

Chumba ni futi 10 kwa 10. Dari hakuna. Dirisha litatoka wapi, ilhali kuta tatu ni za majirani? Jua la Februari likipiga, bati linapitisha joto lote ndani. Ikifika Julai, baridi nayo haizuiliki. Mama mmoja alinieleza kwamba mchana hutoka na mtoto, akamlaza kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Nikamwuliza, kwa ujuaji wa msanifu majengo, mbona hainui paa kidogo hewa ipite? Akacheka. "Mwalimu, nikiinua paa, kodi nayo itainuka."

Nimesoma ujenzi miaka mingi, na sikuwahi kuelezwa joto namna hiyo. Dawa yake tunaijua: dari nyepesi, nafasi chini ya paa, paa lipandishwe. Lakini mpangaji hana mkataba, mwenye nyumba mara nyingi hana hati ya ardhi, na tingatinga halibishi hodi. Nani ataweka pesa hapo?

Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika, ukasomba nyumba na watu. Muda si mrefu zikaja tingatinga kubomoa zilizosalia ndani ya mita 30 za mto. Mitandaoni watu wakasema, si mliambiwa msijenge mtoni? Haya. Ila ukingoni ndiko kodi iko chini, na maji yale mengine hutoka juu, kwenye mapaa na maegesho yetu ya lami ambayo hayanyonyi hata tone.

Mukuru walijaribu njia nyingine. Agosti 2017 kaunti ilitangaza mtaa huo kuwa eneo maalumu la mipango miji, na wakazi wakajipanga kuanzia nyumba kumi kumi: barabara ipite wapi, mtaro uelekee wapi. Barabara kadhaa zimejengwa tangu hapo. Ardhi yenyewe je? Sehemu kubwa iligawiwa watu binafsi miongo kadhaa iliyopita, na hati wanazo wao. Hapo ndipo utafiti wangu umekwama. Karibuni kwa maswali. Tuanze na wa Mukuru.