Anayechagua Fremuweki Siye Anayesubiri

Ndugu zangu, nashukuru kwa kufika. Tuchukue ukurasa mmoja tu wa tovuti: bei za dagaa, safu kumi, jina la mwalo, bei ya gunia, tarehe. Kwa HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za wavuti, hauzidi kilobaiti 14, na kiasi hicho huweza kufika kwa mkupuo wa kwanza seva inapojibu. Ukiujenga kwa React, fremuweki (yaani kiunzi cha msimbo kilichoandikwa tayari) ya JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa ujibu mguso, kabla hujaandika mstari wako hata mmoja unabeba kilobaiti zaidi ya 40 zilizobanwa. Ongeza maktaba (misimbo ya watu wengine) ya tarehe, ya fomu, ya chati, na megabaiti nzima haiko mbali. Kwenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, megabaiti hiyo inashuka kwa sekunde 5.

Ikishuka, kazi haijaisha. Picha ikifika, simu inaichora, basi. JavaScript lazima ifumuliwe, isomwe, kisha iendeshwe, tena kwenye uzi uleule wa prosesa, yaani foleni ileile ya kazi, unaopokea vidole vya mtumiaji. Ndiyo maana mchuuzi wa mwaloni Kirumba, Mwanza, anabonyeza "Tafuta" mara tatu na hakuna kinachotokea. Kitufe anakiona, kwa sababu seva ilikwisha kukichora, ila msimbo wa kukitia uhai bado unahangaika nyuma yake. Bando lake limeliwa na bei hajaipata.

Kwa nini basi mtengenezaji mwenye akili zake achague hivyo? Si uzembe. Matangazo ya kazi yanataka React, na mwajiri anajua akiondokewa na mtu atampata mwingine upesi. Vipande vya kuunga viko tayari. Facebook walipoitoa React hadharani mwaka 2013 walikuwa na shida ya kweli: kurasa zenye sehemu nyingi zinazobadilika pamoja, ambazo kuzioanisha kwa mkono huzaa makosa. Orodha ya bei haina shida hiyo. Lakini sababu nzito kuliko zote, naamini, ni kwamba anayechagua siye anayesubiri. Anajaribia kwenye laptopu yenye nguvu, seva ikiwa humohumo ndani, na kila kitu kinafunguka papo hapo. Deni linalipwa Igoma, hukohuko Mwanza, kwenye simu yenye RAM ya gigabaiti 2, na mwenye simu halalamiki kwa mtu; anafunga ukurasa.

Kwa hiyo pimeni kabla ya kuchagua. Kwenye zana za wasanidi za kivinjari cha Chrome, punguza kasi ya prosesa mara 4, weka mtandao wa polepole, zima kache (nakala za ukurasa zilizohifadhiwa). Kipande kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200, katika ziara 75 kwa kila 100. Kisha chukua simu ya bei ya chini, panda kivuko cha Kamanga, Ziwa Victoria, ufungue ukurasa huo katikati ya maji.

Wekeni pia kikomo kwa maandishi. Mimi napendekeza kilobaiti 100 za JavaScript iliyobanwa. Ikizidi, toleo lisipande seva. Fremuweki ibaki kwenye kurasa zinazoihitaji kweli, kama ramani ya kuchorea au dashibodi inayobadilika kila sekunde. Fomu ya kuagiza gunia ijengwe kwa HTML ya kawaida, na kabla ya kuikabidhi, zima JavaScript uone kama oda bado inafika.