Sentimita 3.8 kwa Mwaka: Kuupima Mwezi kwa Leza

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na ninyi wanafunzi mlioketi hapa mbele, asanteni kwa kuja.

Kabla sijasema lolote, naomba taa zizimwe. Hii niliyoshika ni riflekta nyekundu ya nyuma ya baiskeli. Naimulika kwa tochi. Nikisogea kulia, nikisogea kushoto, bado mimi mwenye tochi naiona inawaka kama kaa la moto, na aliye pembeni anaona wekundu hafifu tu. Kioo cha kawaida hakifanyi hivyo. Ukikimulika kwa upande, mwanga unakwenda zake upande wa pili. Haya, tuwashe taa. Siri imo katika vipembe vidogo vidogo vilivyo ndani ya plastiki hii. Kila kimoja ni kama pale kuta mbili za chumba zinapokutana na sakafu. Mwanga ukiingia humo hugonga nyuso tatu, kisha hutoka ukielekea kule kule ulikotoka.

Mwezi wa Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin waliacha Mwezini sinia lenye pembe 100 za namna hii, zilizochongwa kwa kioo cha silika safi, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 3.8. Sinia hilo halina betri wala waya. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, darubini ya Lick kule California ililitupia mwanga wa leza na mwanga ukarudi. Leza yenyewe wakati huo ilikuwa na umri wa miaka 9 tu. Baadaye zikafuata riflekta za safari nyingine za Wamarekani, Apollo 14 na Apollo 15, na mbili nyingine zilizotengenezwa Ufaransa na kubebwa na magari ya Kisovieti yasiyo na dereva, Lunokhod 1 na Lunokhod 2. Lunokhod 1 ilipotea karibu miaka 40, hakuna aliyejua hasa iliegeshwa wapi. Mwaka 2010 ikaonekana kwenye picha za chombo kinachozunguka Mwezi, ikapigwa leza, ikajibu kwa nguvu kuliko mwenzake.

Hesabu ya kupata umbali wa Mwezi ni ya shule ya msingi: mwendo mara muda, gawa kwa 2. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwenda Mwezini na kurudi huchukua sekunde 2.5 hivi. Ugumu uko kwenye saa. Ukitaka umbali huo usikosewe zaidi ya milimita moja, saa yako isikosee zaidi ya pikosekunde 7. Gawanya sekunde moja mara milioni, kisha chukua kipande kimoja ukigawanye tena mara milioni: hiyo ndiyo pikosekunde.

Twendeni Apache Point, New Mexico, kwenye mlima wa karibu mita 2,800. Pale pana darubini yenye upana wa mita 3.5, inayorusha mapigo 20 ya mwanga wa kijani kila sekunde. Kila pigo ni fupi kiasi kwamba likiwa njiani lina unene wa sentimita 3 tu: chapati ya mwanga, pana kuliko meza hii, inapaa angani. Ndani ya chapati hiyo mna fotoni, yaani chembe za mwanga, bilioni 300 mara milioni moja. Ikifika Mwezini imetanuka hadi kilomita 2, na katika kila fotoni milioni 30 ni moja tu inayoangukia riflekta. Zinazorudi nazo hutanuka hadi kilomita 15, na katika kila milioni 30 ni moja tu inayoipata darubini. Toa zinazopotea hewani na kwenye vioo, pigo zima linarudisha fotoni moja, na mara nyingi hata hiyo haiji. Bado hesabu hii hunisimamisha kila ninapoiandika ubaoni.

Na hiyo fotoni moja ikija, huwezi kuiamini peke yake. Mwezi unayumba kidogo mbele yetu, kama mashua iliyotia nanga, kwa hiyo sinia nalo huinama, kona yake moja ikawa karibu nasi kuliko nyingine kwa sentimita kadhaa. Fotoni imetoka kona ipi? Haijulikani. Dawa ni kukusanya maelfu na kutafuta wastani. Tena mlima wenyewe haukai mahali pamoja: mvuto wa Mwezi na Jua huinua mwamba na kuushusha kwa makumi ya sentimita kila siku. Maji si peke yake yanayojaa na kupwa.

Hapa ndipo nilipotaka tufike, maana sisi ni watu wa pwani. Vipimo hivi vimeonyesha kwamba Mwezi unatuondokea kwa sentimita 3.8 kila mwaka, sawa na upana wa pembe moja ya lile sinia. Anayeusukuma ni nani? Ni bahari. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, Mwezi huizunguka kwa siku 27 na kitu, kwa hiyo lile tuta la maji linaloinuliwa na mvuto wa Mwezi, Dunia hulitanguliza mbele ya Mwezi. Tuta linauvuta Mwezi kwa mbele, nao unapata nguvu na kupanua njia yake. Dunia inalipa: msuguano wa maji na chini ya bahari unaurefusha mchana na usiku wetu kwa takriban milisekunde 2 kila karne.

Tarehe 2 Machi 2025 chombo kiitwacho Blue Ghost kilitua na riflekta mpya. Hii si sinia tena. Ni pembe moja tu, kubwa, yenye upana wa sentimita 10, kwa hiyo lile swali la kona ipi halipo. Imo ndani ya Mare Crisium, uwanda wa mawe meusi kule Mwezini. Leo ni mwezi tano, yaani siku ya tano tangu mwezi kuandama. Mkitoka nje, tazameni ule upande wa Mwezi unaong'aa, mtaona doa jeusi la mviringo karibu na ukingo. Ni humo.