Shakshuka jikoni kwangu Temeke: yai usipasulie juu ya kikaango

Wapenzi, karibuni. Leo napika shakshuka, mayai yanayoivia ndani ya rojo la nyanya. Asili yake ni Afrika Kaskazini, na Watunisia huikoleza kwa harisa, ile pilipili yao ya kusaga. Mimi natia pilipili mbuzi 1 nzima bila kuipasua, inukie tu.

Nyanya 6, zilizoiva hasa. Sokoni ukinyamaza utapewa ngumu za kachumbari, kwa hiyo sema unataka za mchuzi. Kitunguu maji 1, hoho 1, saumu punje 4, mayai 4. Kukatakata mnajua, sikuonyeshi.

Mafuta yamepata moto. Kitunguu na hoho mpaka vilainike, kisha saumu. Sasa binzari nyembamba, kijiko cha chai kimoja. Hii ndiyo ninayoisaga na kuiuza kwenye vichupa, na nawaomba muikaange kabla ya nyanya, maana harufu yake hutoka kwenye mafuta. Maji yakitangulia, inajificha. Nusu dakika tu... Ngojeni, mvuke umefunika kamera, niifute. Eh, huku inaanza kushika chini! Nyanya, nyanya, ziingie haraka. Haya, imepona. Nusu dakika ni nusu dakika kweli, mmeona.

Chumvi, pilipili manga, na ile pilipili mbuzi juu. Moto mdogo, dakika 15, bila mfuniko, maji yakauke na mafuta yapande juu. Pitisha mwiko katikati: njia ikibaki wazi kidogo ndipo rojo lirudi, tayari. Likiwa jepesi, ute wa yai unatawanyika, unabaki na supu yenye nyuzi nyeupe.

Sasa nisikilizeni. Yai usipasulie juu ya kikaango. Ramadhani moja nilikuwa na wageni wa futari, mayai matatu yameshaingia vizuri, la nne likawa viza. Nilimwaga kikaango kizima na adhana ya magharibi inakaribia. Tangu siku hiyo napasulia kwenye kikombe, moja moja. Naangalia, nanusa, ndipo namimina. Mkiwa na shaka, lizamisheni yai kwenye maji kabla ya kulipasua: jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, linaloelea tupeni. Kadiri yai linavyokaa, maji hupungua ndani na hewa huongezeka.

Chimba shimo kwa mgongo wa kijiko. Kikombe, mimina taratibu. Shimo la pili, kikombe tena. Kikombe, jamani, hata kama yai limetagwa na kuku wako mwenyewe asubuhi hii!

Yote manne yameingia. Chumvi kidogo juu ya viini, funika, dakika 5 au 6. Funueni mtazame: ute umeganda mweupe, kiini bado kinatikisika. Hapo nazima, joto la kikaango litaendelea kupika. Kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee, acheni kiini kigande kabisa.

Kotmiri juu. Chapati hapa siipendi, inalowa upesi. Nataka boflo lililopashwa, lenye ganda gumu, linachovya rojo bila kukatika.

Na ile pilipili mbuzi, itoeni kwa kijiko sasa hivi, kabla watoto hawajakaa mezani.