Siti ya Pili ya Red Bull: Dereva Mbovu au Gari Imemkataa?

Salim: Haya karibuni, leo tuko kwenye mbio za magari za Formula 1, ile siti ya pili ya timu ya Red Bull, ya dereva anayekaa pembeni ya Verstappen, maana kila kona mtandaoni nakuta eti Perez hajui kuendesha, Lawson hajui, Tsunoda hajui, na mimi, dada Rehema, hapo nakataa kabisa.

Rehema: Unakataaje kaka na pointi zipo? 2023 Verstappen 575, Perez 285, na gari ni ile ile.

Salim: Gari ile ile sawa, ila mwaka huo huo mbio nne za kwanza waligawana mbili mbili, Perez akabeba Jeddah na Baku. Wiki moja baada ya Baku tukaenda Miami, Verstappen akaanza kushinda na akaenda kumi mfululizo mpaka Monza, Perez hakushinda tena mwaka mzima. Sasa mtu anasahau kuendesha ndani ya wiki moja?

Rehema: Mmh. Na ushindi wake wote akiwa Red Bull ni wa barabara za mjini, umeliona hilo? Baku mara mbili, Monaco, Singapore, Jeddah.

Salim: Enhee! Kama Baku pale, zile kona za mraba unabreki gari imenyooka, nyuma inatulia, ndipo unageuza. Hapo Perez ni hatari. Verstappen yeye anataka tairi za mbele zing'ate palepale akigusa usukani, hata kama nyuma inaelea. We angalia ile kamera ya ndani ya gari, anageuza mguu bado uko kwenye breki kidogo, mkia unaanza kutoka, anarudisha usukani kidogo tu na tayari anakanyaga mafuta. Mwingine akisubiri mkia utulie kwanza muda umeshapotea, na asiposubiri gari inazunguka. Albon naye aliwahi kukaa siti hiyo ya pili, akasema ni kama mausi ya kompyuta uliyoiwekea spidi ya mwisho.

Rehema: Lakini dereva mkubwa si anazoea?

Salim: Wengine wanazoea, ila mpaka azoee nafasi imeshachukuliwa. Gasly 2019 walimtoa baada ya mbio 12, akarudi Toro Rosso, timu ndogo ya Red Bull, na mwaka huo huo akawa wa pili Brazil, 2020 akashinda Monza. Lawson 2025 walimpa mbio mbili, mbili tu jamani, na baadaye msimu ule ule akiwa Racing Bulls, timu ile ile ndogo kwa jina jipya, akamaliza wa tano Baku. Hao ndio wasiojua kuendesha?

Rehema: Hapo umenigusa, maana mimi dereva Ricciardo aliniumiza roho alipokuwa timu ya McLaren. Mtu anapenda kuachia breki polepole na kuingia na spidi yake katikati ya kona, ile gari inataka ubreki kwa nguvu umenyooka halafu ugeuze kwa mkupuo, na yeye kila akijitahidi kuendesha kama mwenzake Norris anazidi kupotea. 2022 alimaliza na pointi 37, Norris 122. Na huyohuyo ndiye aliyewapa ushindi wa Monza 2021, wa kwanza kwao tangu 2012, Norris nyuma yake!

Salim: Ndio maana nasema.

Rehema: Basi mimi lawama nazipeleka kwa timu. Unatengeneza gari inayomfuata mtu mmoja, kila kitu kipya unachofunga kinavuta upande wake, halafu unabadilisha dereva wa pili mara kwa mara. 2024 Verstappen bingwa, timu ya tatu! McLaren pointi 666, Ferrari 652, wao 589, na Perez kachangia 152.

Salim: Ila ukiwa na Verstappen utampunguzia makali ili mwenzake aridhike?

Rehema: Simpunguzii, naongeza gari ya kuendesheka. Norris na Piastri wa McLaren wote wawili walishinda mbio 2024 kwenye gari ya aina moja, na kombe la timu wakabeba.

Salim: Mimi bado namfuata Max Verstappen.

Rehema: Haya, mfuate.