Mwananchi Akishasema, Nani Anamjibu?

Asante, mwenyekiti. Mlionisikia huko nyuma mnakijua nitakachosema, na nitakisema tena kwa sababu bado hakijafanyika. Tumekuwa hodari wa kukusanya maoni. Vikao vinaitishwa, vipaza sauti vinapitishwa mkono kwa mkono, daftari la mahudhurio linasainiwa. Kisha watu wanarudi makwao na hakuna anayewaambia maneno yao yameishia wapi. Ninachodai ni kimoja: anayemuuliza mwananchi abanwe na wajibu wa kumjibu, kwa maandishi, tena kwa sababu zinazoweza kuhojiwa.

Naomba twende Iceland. Kila nikisikia kiongozi anasema "wananchi wameshirikishwa", mawazo yangu yanakimbilia huko. Mwaka 2008 mabenki yao makubwa matatu yaliporomoka kwa mkupuo. Watu wakafurika mbele ya bunge wakigonga masufuria, na mwanzoni mwa 2009 serikali ikaanguka. Wakasema tatizo si mabenki tu, ni namna tunavyotawaliwa. Basi katiba mpya, na safari hii tuiandike sisi. Novemba 2010 wakakutana watu wapatao 950, wengi wao wakiwa wamepatikana kwa bahati nasibu, wakajadili siku nzima misingi wanayoitaka. Mwezi huohuo wakachagua wajumbe 25, na waliojitokeza kugombea walizidi 500. Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi kwa kasoro za utaratibu, bunge likawateua karibu wote walewale kuwa baraza, kazi ikaendelea.

Na ilikuwa kazi hasa! Baraza lilikuwa likiweka rasimu kwenye intaneti kadiri lilivyoandika, watu wakichangia, wajumbe wakirekebisha. Kwa miezi minne hivi walimaliza, na Julai 2011 rasimu ikafika bungeni. Ilisema maliasili zisizo za mtu binafsi ni mali ya taifa zima daima. Ilisema asilimia 10 ya wapiga kura wanaweza kudai sheria iliyopitishwa na bunge ipelekwe kwa wananchi iamuliwe huko. Oktoba 2012 ikapigwa kura ya maoni, na theluthi mbili ya waliopiga wakataka rasimu hiyo iwe msingi wa katiba mpya.

Bunge je? Halikuikataa. Laiti lingeikataa! Kukataa kunamtaka mbunge asimame, aseme, jina lake liandikwe upande wa hapana, na uchaguzi ukifika aulizwe. Muda wa bunge ulikwisha mwaka 2013 rasimu ikiwa haijapigiwa kura ya mwisho. Kilio cha samaki, machozi yakaenda na maji.

Najua kuna mwanasheria hapa anayetaka kuninyooshea kidole: ile ilikuwa kura ya ushauri, haikulifunga bunge. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo penye hoja yangu. Ushauri haumlazimishi mtu kutii, lakini umlazimishe kujibu. Ukiniomba ushauri, nikakupa, nawe ukanyamaza, hukuniheshimu hata kidogo.

Kuna pingamizi jingine ambalo, niwe mkweli, limenichosha: mwananchi wa kawaida hana utaalamu. Basi tazameni Ireland. Kuanzia 2016 waliketi wananchi 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, jaji wa Mahakama ya Juu akiwa mwenyekiti, wakapewa suala la utoaji mimba, ambalo wanasiasa wao walikuwa wakilikwepa kwa miongo. Wikiendi baada ya wikiendi wakawasikiliza madaktari, wanasheria na watetezi wa pande zote mbili. Sisemi walichoamua ni sahihi au si sahihi. Nazungumzia njia waliyopita. Mapendekezo yao yakaenda kwa kamati maalumu ya bunge. Kamati haikumeza kila kitu: wananchi walikuwa tayari kuruhusu baadhi ya hali hadi wiki 22 za mimba, kamati ikasimama kwenye wiki 12 na ikatoa sababu zake katika ripoti. Mei 2018 taifa likapiga kura, asilimia 66.4 wakakubali katiba ibadilishwe. Watu wa Iceland hawakuwa na akili pungufu kuliko wa Ireland. Ireland ilikuwa imeshapanga, kabla wananchi hawajaketi, nani atapokea ripoti na atatakiwa aifanyie nini.

Kwa hiyo mbunge anayeogopa kwamba ushirikishwaji utamwondolea kazi, kazi yake ndiyo kwanza inakuwa nzito. Zamani ilitosha aseme "mlinichagua, niachieni". Sasa ana kazi ya kupima madai yanayogongana, kuchagua, na kusimama mbele ya aliyemkatalia akamweleza kwa nini. Hapo ndipo siasa ilipohamia, na wengi wa viongozi wetu bado wanaitafuta ilipokuwa.

Wala asijitoe kwa kuahidi kila kitu. Rais wa Ufaransa aliwaahidi wananchi 150 waliojadili tabianchi kwamba mapendekezo yao yatapelekwa bila kichujio. Wakaleta 149. Matatu akayakataa palepale, mengine yakapunguzwa makali njiani. Februari 2021 wajumbe wenyewe wakaketi kuipima serikali, wakaipa wastani wa alama 3.3 kati ya 10. Ahadi ya "nitayajibu yote" ingekuwa ndogo, na ingetimizika.

Nilikusudia kugusa vyama vya siasa na mitandao ya kijamii, lakini mwenyekiti anaangalia saa, naviacha. Nataja tu Afrika Kusini, ambako mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria kwa sababu bunge halikuwashirikisha wananchi ipasavyo. Kumbe inawezekana mahakama ikalisimamia jambo hili.

Wabunge mlioko hapa, ombi langu ni kifungu kimoja katika kanuni zenu. Kila muswada uliotolewa maoni uje na jedwali: wananchi walisema nini, kipi kimechukuliwa, kipi kimekataliwa, kwa sababu gani na kwa uamuzi wa nani. Jedwali lisipokuwa mezani, spika asiitishe kura. Anayeona haliwezekani na aniambie sasa hivi, maana muda wa maswali ndio huu.