Figo na Ukoo: Tuliyoyasikia Redioni

MAALIM: Asalaam aleikum na karibuni. Tunarekodi kipindi hiki hapa Langoni, Lamu, katika chumba cha juu, na mkisikia punda akilia au boti likinguruma kuelekea Mokowe, mjue madirisha tumeyaacha wazi kwa sababu ya joto. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwenzangu ni muuguzi ambaye mtaa mzima humwita Sista. Leo tuna jambo moja, nalo lilianza kwa simu iliyopigwa katika kipindi cha usiku cha redio. Redio yenyewe sitaitaja.

SISTA: Waaleikum salaam, Maalim. Usiku ule mtangazaji aliuliza swali zuri kabisa: je, ungekubali kumpa figo yako mtu usiyemjua? Wawili wa kwanza walijibu vizuri. Wa tatu akasema kwamba figo ya mtwana, yaani mtu wa ukoo wa watumwa, haiwezi kukaa katika mwili wa muungwana, mtu wa ukoo huru, na kwamba watu waliokuja kutoka bara wana damu nzito, ambayo ndiyo inayoziba figo zao. Mtangazaji alicheka. Hakusahihisha neno hata moja, akaweka muziki.

MAALIM: Niliizima redio nikakaa gizani. Sheria ya kufuta utumwa katika pwani hii ya Kenya ilitoka mwaka 1907, na bado kuna mtu ambaye, akitaka kumdhalilisha mwenzake hewani, hulichukua neno lile lile ambalo bibi zetu walikatazwa kulisema mbele ya watu. Kilichonichoma zaidi ni kile kicheko, kwa sababu mpigaji simu ni mtu mmoja, lakini mtangazaji ndiye mwenye kipaza sauti, na anapocheka huwa amewaambia maelfu ya watu kwamba jambo hilo laweza kusemwa.

SISTA: Nami asubuhi yake niliyaona matokeo. Kuna mama mmoja, ambaye sitataja jina lake wala mtaa wake, ana kisukari kwa miaka mingi na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nilikuwa nimemsihi kwa wiki kadhaa akubali kupimwa figo, na siku ile ndiyo aliyokuwa ameahidi. Alikuja, akanirudishia karatasi ya vipimo, akasema hataki kujulikana kuwa yeye ni mwenye damu nzito. Wazazi wake walitoka bara. Kwa hiyo watu wanaponiambia kwamba maneno ya redioni ni maneno tu, mimi huwa namwona yule mama akiishika ile karatasi kwa vidole viwili, kana kwamba itamchafua.

MAALIM: Basi tulijibu lile dai lenyewe, Sista, maana wapo walioliamini kwa nia njema. Je, figo ina ukoo?

SISTA: Haina. Figo mbili, kila moja yenye ukubwa wa ngumi, zinakaa nyuma ya tumbo chini ya mbavu, na kila moja ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndicho mkojo. Mtu anapopewa figo, madaktari hutazama kundi la damu, yaani A, B, AB au O, halafu hutazama alama za seli ambazo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kikamilifu katika alama hizo. Maana yake ni kwamba muungwana anaweza kukosa figo ya kumfaa kwa ndugu yake wa tumbo moja, akaipata kwa mtu ambaye babu yake alilima shamba la babu wa huyo muungwana.

MAALIM: Hilo nitaomba ulirudie tutakapokwenda huko redioni.

SISTA: Nitalirudia. Na damu nzito, kwa maana aliyoikusudia yule bwana, haipo. Yanayoharibu figo kwa wingi ni kisukari na shinikizo la damu, na haya yamejaa Mkomani, mtaa wa kale wa waungwana, kama yalivyojaa hapa Langoni na kule Mpeketoni kwa watu waliotoka bara. Sukari ikizidi kwa miaka huviharibu vile vichujio, na presha ikiwa juu huviumiza vimishipa vyake. Halafu kuna dawa za maumivu. Wavuvi na wachukuzi wetu wa mizigo gatini huumwa mgongo, wakanunua diklofenaki dukani, wakaimeza kila siku kwa miezi bila mtu kuwauliza. Ikichanganyika na jua kali na maji kidogo, figo huumia. Hapo ndipo ningependa mtangazaji aulize maswali mengi.

MAALIM: Nami nina la kuongeza kuhusu wenye elimu, kwa sababu ni rahisi kumlaumu mpigaji simu tukasahau kwamba ubaguzi uliwahi kuingia katika hesabu za hospitali kubwa za dunia. Wewe ndiwe uliyenieleza, nami sikulala. Waeleze wasikilizaji.

SISTA: Ni habari ya Marekani. Daktari hukadiria uwezo wa figo kwa kupima kreatinini, taka inayotokana na misuli, kisha huiweka katika fomyula pamoja na umri na jinsia; jibu likiwa dogo, figo zimechoka zaidi. Mwaka 1999 ilitoka fomyula ambayo iliongeza jambo jingine: mgonjwa akiwa mweusi, jibu lilizidishwa kwa takriban 1.2. Watafiti waliona kreatinini iko juu kidogo kwa weusi waliopimwa, wakaeleza kwamba weusi wana misuli mingi zaidi, na maelezo hayo yakageuka kuwa kanuni ya kumpima kila mtu mweusi, awe mrefu au mfupi, mnene au mwembamba. Sasa fikiria wagonjwa wawili wenye damu inayofanana kabisa. Mweupe jibu lake ni 17. Mweusi jibu lake linakuwa zaidi ya 20. Kule, ili uanze kuhesabiwa muda wa kungojea figo kabla hujaanza kusafishwa damu kwa mashine, jibu lako lazima liwe 20 au chini yake. Basi mmoja ameanza kuhesabiwa, na mwenzake anaambiwa figo zake bado ni nzuri, arudi nyumbani.

MAALIM: Na huyo anayeambiwa arudi nyumbani anatoka katika jamii ambayo ndiyo inayougua zaidi.

SISTA: Ndiyo. Wamarekani weusi hupatwa na ugonjwa wa figo kufeli zaidi ya mara tatu kuliko weupe. Kwa baadhi yao kuna sababu ya kurithi, aina fulani za jeni iitwayo APOL1, ambazo ziligunduliwa mwaka 2010 kuwa zinahusika, na ambazo hupatikana hasa kwa wenye asili ya Afrika Magharibi, kwa kuwa ziliwakinga mababu zao na aina ya vimelea vya malale. Lakini hiyo hupimwa kwa mtu mmoja mmoja. Haisomwi kwenye rangi ya ngozi. Fomyula mpya isiyouliza rangi ilitoka mwaka 2021. Mwaka 2022 mtandao wao wa kupandikiza viungo ulipiga marufuku hesabu ya rangi, na kuanzia Januari 2023 hospitali ziliamriwa kuwatafuta wagonjwa weusi waliocheleweshwa na kuwarudishia muda wao.

MAALIM: Yale yalirekebishwa kwa sababu kuna watu waliouliza, wakiwemo wanafunzi wa udaktari. Na redio ni vivyo hivyo. Tarehe 4 Aprili 2007 mtangazaji mashuhuri wa Marekani, Don Imus, aliwatusi hewani wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu cha Rutgers, wengi wao weusi, akazidhihaki nywele zao na utu wao. Wasichana wale walikaa mbele ya waandishi wa habari pamoja na kocha wao, C. Vivian Stringer, wakajieleza kuwa ni wanafunzi na watoto wa watu. Makampuni yakaondoa matangazo yake, na tarehe 12 mwezi huo huo CBS, kampuni ya utangazaji iliyomwajiri, ikamfuta kazi. Miezi michache baadaye alipata kazi kwingine, nami nalisema hilo ili tusidhani kwamba kufutwa kazi kwa mtu mmoja kunamaliza jambo. Na wanaosema tunakuza kitu kidogo, Arusha si mbali: tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ilitoa hukumu pale dhidi ya waliohusika na redio ya RTLM, iliyowaita majirani wa Kitutsi mende kabla ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 na wakati wa mauaji hayo.

SISTA: Je, Maalim, ulipokwenda katika ofisi ya redio ulipokewaje?

MAALIM: Kwa adabu, na kwa chai. Meneja alisema kila mtu ana uhuru wa kusema. Nikamsomea Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo inatoa uhuru huo na katika ibara hiyo hiyo inasema kwamba haujumuishi matamshi ya chuki. Nikamsomea kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, chenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Akanyamaza. Nikamwambia sikuja kumfunga mtu. Nilitaka mambo matatu: rekodi ya usiku ule isifutwe, mtangazaji asahihishe kwa kinywa chake katika saa ile ile aliyocheka, na wewe upewe nafasi ya kueleza ugonjwa wa figo. Nikamjulisha kwamba wakikataa, barua yangu itakwenda Tume ya Malalamiko ya Baraza la Habari la Kenya.

SISTA: Wakasemaje?

MAALIM: Nafasi wamekubali, nusu saa, Alhamisi ya pili ya Machi, ambayo ndiyo Siku ya Figo Duniani. Walitaka niende peke yangu, kwa hoja kwamba mambo ya vipimo yatawachosha wasikilizaji. Nilikataa. Kuhusu kusahihisha, hawajajibu, na barua ninayo mfukoni, tayari imetiwa sahihi.

SISTA: Basi nitawaeleza kwa ufupi ili wasichoke. Ugonjwa huu huanza kimya. Mkojo wenye povu lisiloisha, uso kuvimba asubuhi, uchovu na kichefuchefu, mara nyingi huja wakati figo zimekwisha kuharibika sana. Mwenye kisukari au presha apimwe kila mwaka mara moja, mkojo kwa protini na damu kwa kreatinini. Apunguze chumvi, na hapa Lamu maana yake ni ng'onda, papa mkavu na achari. Asipopimwa, mwisho waweza kuwa kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na kwa mtu wa kisiwani kila safari ina nauli ya boti.

MAALIM: Na yule mama?

SISTA: Nilimfuata nyumbani, tukakaa barazani. Nilimweleza habari ya ile 17 na ile 20, naye akauliza kama mashine yetu pia huuliza mtu ametoka wapi. Nikamwambia haiulizi. Jumatatu alitoa damu, na sasa tunangoja majibu. Hiyo Alhamisi nitakuja na sare yangu ya kazi, kipimo cha presha na vijiti vya kupimia mkojo, nikae pale mlangoni pa redio kabla ya kipindi na baada yake. Yule bwana aliyepiga simu akitaka kuja, apange foleni na wenzake, nami nitampima.