Ukungu unaochagua rangi

Haya, huko nyuma mnanisikia? Poa. Leo sijaja na fomula, nimekuja na rangi moja tu, wimbi lake ni nanomita 121.6, inaitwa Lyman-alfa, na jicho haliioni maana ni ya urujuanimno.

Ulimwengu ulipofikisha miaka kama 380,000 ulikuwa umeshapoa, protoni zikazidaka elektroni, ikabaki gesi, haidrojeni na heliamu basi, nyota hata moja hamna, giza. Nyota za kwanza zilipokuja kuwaka, mwanga wao mkali ukaanza kuzing'oa zile elektroni upya, na kwenye miaka bilioni 1 hivi kazi ilishakaribia kuisha. Sasa hapo katikati ilikwendaje?

Wengi husema ni ukungu uliokuwa unaondoka. Hata mimi nasema hivyo, ila huu ukungu una maringo jamani, mwanga mwekundu unauachia upite zake, Lyman-alfa ndo inadakwa na atomu ya haidrojeni halafu inatupwa ovyo upande wowote, kwako haifiki. Na atomu moja tu kati ya 10,000 ikiwa bado na elektroni yake, imetosha kuizima kabisa! Ndo maana zile kwazari, yaani vitovu vya galaksi vinavyong'aa mno, zilizoonyesha pengo jeusi kwenye mwanga wao mwaka 2001 zilitupa mwisho wa stori tu, ukirudi nyuma zaidi ni cheusi juu ya cheusi.

Galaksi zinasaidia hapo. Galaksi inasafisha gesi inayoizunguka, inakaa kama ndani ya povu. Mwanga ukisafiri humo ndani wimbi linavutika kwa sababu ulimwengu wenyewe unatanuka, likifika ukutani si 121.6 tena, ni kama mtu aliyebadilisha shati njiani, askari wa getini anamwangalia tu anapita. Povu likiwa dogo, hajawahi kubadilisha, anadakwa. Kwa hiyo ukihesabu galaksi za kila enzi, ngapi zinaonyesha mstari wa Lyman-alfa, ile rangi yetu, na ngapi hazionyeshi, unapata picha ya mapovu yalikuwa makubwa kiasi gani.

Halafu 2025 ikatoka ripoti ya JADES-GS-z13-1, galaksi iliyoonwa na darubini ya James Webb, ya miaka kama milioni 330 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Wimbi limevutika mara 14, limefika kama mikromita 1.7, yaani infraredi, na mstari upo, unaonekana kabisa! Enzi hizo gesi karibu yote ilikuwa na elektroni zake, sasa povu kubwa hivyo nani alilipuliza? Wapo wanaosema nyota nzito za moto sana, wapo wanaosema shimo jeusi linalokula. Mimi naegemea nyota, ila msininukuu.

Ndiyo kaka, uliza. Kwa nini gesi haikuzidaka tena elektroni zake? Swali zuri. Elektroni na protoni zilishatawanyika mno, kukutana ni kwa nadra, ndo maana gesi iliyopo katikati ya galaksi na galaksi mpaka leo iko vilevile, imeng'olewa elektroni.